Shajara ya mradi: kifurushi cha mtihani wa mchujo kwa wanafunzi wa vijijini

Mradi ni huu: kutengeneza kifurushi cha kujiandaa kwa mtihani wa mchujo wa kuingia vyuo vya taaluma (udaktari, uhandisi, sheria), ambacho mwanafunzi wa kijijini asiye na kituo cha tuisheni karibu wala intaneti ya kutegemewa anaweza kukitumia mwenyewe. Tuko kikundi kidogo cha walimu na watu waliowahi kuifanya mitihani hiyo. Naandika kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kuiga aige, na asipoteze muda palepale tulipoupoteza sisi. Kazi za kawaida za kuchapa, kubana na kugawa karatasi nazipita haraka.

14 Januari 2025: Hesabu kabla ya maswali

Kabla ya kuandika swali hata moja tulibishana kama kazi hii ina maana. Mmoja wetu alishikilia kwamba pengo kati ya shule za mjini na za vijijini limejengwa kwa miaka 12 ya masomo, na kifurushi cha miezi michache hakiwezi kulifanya kitu. Hoja nzito. Tukachukua kalamu.

Tuseme wastani wa watahiniwa wa mjini ni alama 50, na alama zimetawanyika kwa namna ya kawaida hivi kwamba takriban theluthi mbili yao wako kati ya 40 na 60. Tuseme wa vijijini wametawanyika vivyo hivyo, ila wastani wao ni 45. Tofauti ni alama tano. Chuo kikiweka kiwango kinachopitisha watu 20 kati ya kila 100 wa mjini, kiwango hichohicho kitapitisha 9 kati ya 100 wa vijijini. Kikikaza kamba hadi kupitisha 50 kati ya 1,000 wa mjini, wa vijijini watapita 16. Kwa chuo cha udaktari kinachochukua 100 kati ya 10,000 wa mjini, wa vijijini ni 24. Pengo ni lilelile la alama tano kote, lakini kadiri mlango unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo linavyozidi kuuma.

Hizi si takwimu za nchi yoyote. Ni hesabu tupu, na mwenye programu ya majedwali anaweza kuirudia kwa dakika chache. Kilichomaliza ubishi ni safu ya mwisho ya jedwali letu: pengo likipungua kwa nusu tu, yaani wastani wa vijijini ukipanda kutoka 45 hadi 47.5, wale 24 wanakuwa 50. Kwa hiyo hatuna haja ya kuziba miaka 12. Tunatafuta alama mbili na nusu, na swali la kazi yote iliyofuata likawa zinapatikana wapi kwa urahisi zaidi.

9 Februari: Kitabu kinene hakisomwi

Toleo la kwanza lilikuwa muhtasari wa masomo yote, na lilitoka nene. Wanafunzi waliopewa walilisoma kama wanavyosoma daftari la darasani, kuanzia ukurasa wa kwanza. Sura za mwanzo zikachakaa kwa kushikwa, za mwisho zikabaki mpya kabisa. Tumelivunja. Sasa kila karatasi inajitegemea: upande wa mbele maswali 30, upande wa nyuma majibu yenye sababu. Sababu za majibu yasiyo sahihi ndizo zilizochukua muda mrefu kuandika, na ndizo zinazosomwa zaidi. Mwanafunzi mwenye mwalimu wa tuisheni humwuliza, "Kwa nini si B?" Asiye naye anahitaji jibu hilo liwe karatasini.

Jambo la pili ni mtaala, nalo lilitakiwa liwe la kwanza. Mtihani wa mchujo hauandikwi kutokana na kitabu cha shule yako, huandikwa kutokana na kitabu fulani. Nchini India, maswali ya NEET, mtihani mmoja wa kitaifa wa kuingia udaktari, huegemea sana vitabu vya darasa la 11 na 12 vya NCERT, taasisi ya kitaifa inayotunga vitabu vya shule. Mwanafunzi wa shule ya jimbo inayotumia vitabu vingine anaweza kuwa bingwa wa darasa lake na bado akutane na mada ambazo hakuwahi kuzisikia. Malalamiko ya jimbo la Tamil Nadu dhidi ya mtihani huo yamesimama kwa sehemu kubwa juu ya hoja hiyo.

Ukiiga mradi huu, anza na tunachokiita jedwali la mapengo: mada za mtihani upande mmoja, kurasa za kitabu cha shule upande wa pili. Palipo wazi ndipo karatasi zako za kwanza zinapokwenda. Sisi tuliandika karatasi nyingi za mada ambazo walimu wa shule tayari wanazifundisha vizuri. Zimo kabatini, hazina kosa, na hazina kazi.

Kuhusu haki za kunakili: tumetumia mitihani iliyopita iliyotolewa rasmi na maswali tuliyotunga wenyewe. Vitabu vya vituo vya tuisheni hatukuvigusa.

2 Machi: Maswali yaliyoachwa wazi

Huu ndio ugunduzi mkubwa wa mradi hadi sasa, na haukuhusu somo lolote.

Tulifanya mtihani wa majaribio kwa muundo wa NEET wa 2025: maswali 180 kwa dakika 180, machaguo manne kwa kila swali, alama 4 ukipata, alama 1 inakatwa ukikosa, jumla 720. Katika kusahihisha tukakuta mistari mitupu mingi kuliko majibu yenye makosa. Tulipomwuliza mmoja wa wasichana waliofanya vizuri darasani, alijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, tumefundishwa tusiandike tusichokijua."

Ni malezi mema. Lakini itazame hesabu. Ukibahatisha kwa macho yaliyofumbwa, mara moja kati ya nne unapata 4 na mara tatu unapoteza 1. Kwa wastani kila swali linakuachia robo ya alama. Ukiweza kuondoa chaguo moja lisilowezekana, wastani unapanda hadi theluthi mbili za alama. Ukiondoa mawili, alama moja na nusu. Mwenye maswali 40 matupu anaacha mezani alama 10 kwa kubahatisha tu, na hadi 60 kama katika kila swali angeweza kutupa machaguo mawili. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 2.3 walifanya mtihani huo. Katika msongamano wa namna hiyo alama 10 ni kundi kubwa la watu mbele yako. Mwanafunzi wa tuisheni huambiwa haya mapema sana. Wa kijijini haambiwi na mtu, kisha matokeo yanasomwa kama kipimo cha akili.

Kanuni hutofautiana, na kuzichanganya ni hatari. UCAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari Uingereza, haukati alama kwa kosa, kwa hiyo kuacha swali wazi pale ni kutupa bure. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu Marekani, kabla ya 2016 ilikuwa na machaguo matano na ilikata robo ya alama kwa kosa. Kubahatisha kwa upofu pale kulikuachia sifuri, ila ukiondoa chaguo moja ulianza kupata faida. Mtihani wenye machaguo manne unaokata theluthi moja nao unaangukia sifuri. Basi ukurasa wa kwanza wa kifurushi sasa ni kanuni ya alama ya mtihani husika, na hesabu yake imefanywa waziwazi.

Marekebisho ya kwanza yalileta balaa lake. Tuliandika "usiache swali wazi" kwa herufi kubwa, na katika jaribio lililofuata baadhi ya wanafunzi wakashuka. Walibahatisha mapema mno, hata maswali ambayo wangeyakokotoa wakipewa dakika mbili. Sasa tunafundisha mizunguko mitatu: wa kwanza unajibu unayoyajua papo hapo, wa pili unarudi kwenye ya kukokotoa, na dakika kumi za mwisho ndizo za kubahatisha. Karatasi ya mazoezi ina kisanduku kidogo kando ya kila swali cha kuandika namba ya mzunguko. Kisanduku hicho kimefanya kazi kuliko maelezo yetu yote.

Pia kuna karatasi ya majibu inayosomwa na mashine. Wengi hawakuwa wamewahi kuiona. Walizungushia majibu ndani ya kijitabu cha maswali wakitarajia kuyahamisha mwishoni, na muda ukawaishia. Wengine waliruka swali la 17 kisha jibu la 18 wakalitia kwenye mstari wa 17, na kuanzia hapo kila kitu kikawa kimeteleza hatua moja. Dawa ni nakala ya karatasi yenyewe ya viduara katika kila zoezi, tangu wiki ya kwanza. Karatasi inaongezeka, ndiyo, lakini usiibanie hapa.

23 Machi: Programu ya simu imezikwa

Mwenzetu mmoja alitumia muda mrefu kutengeneza programu ya simu yenye maswali, saa ya kuhesabu dakika na chati za maendeleo. Kwenye meza yetu ilipendeza. Vijijini ilikufa kwa sababu ambazo mtu yeyote anayeishi huko angetuambia kwa sentensi moja: simu ni ya mzazi, na mzazi huondoka nayo asubuhi. Inaporudi jioni betri imekwisha na kumbukumbu imejaa. Simu za zamani ziliikataa programu kabisa, na kila sasisho lilitaka intaneti.

Kilichopona ni vitu viwili. Cha kwanza ni benki yenyewe ya maswali, kwa sababu ilihifadhiwa kama maandishi matupu na sasa ndiyo inayozalisha karatasi za kuchapa. Cha pili ni sauti: maelezo mafupi ya maswali magumu, yaliyorekodiwa kwa ubora mdogo ili faili iwe nyepesi, yanayosambaa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila intaneti. Wanafunzi wanasikiliza pamoja, na hilo hatukulipanga.

Gharama ya hatua hii ni muda wa mtu mwenye ujuzi, ambao haurudi. Mwenye haraka ya kutengeneza programu aanze kwa kuuliza simu iko mikononi mwa nani saa za kusoma.

18 Aprili: Fomu, jina na geti

Hatukuwa tumepanga kugusa usajili. Tumelazimika, kwa sababu tuliona watahiniwa wakipotea kabla hawajaona swali. Fomu ni ya mtandaoni. Picha inakataliwa kwa ukubwa wake. Ada inadaiwa kwa njia ambayo nyumbani hakuna anayeitumia. Kubwa kuliko yote ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, herufi moja imezidi, na marekebisho yanachukua wiki nyingi katika ofisi iliyo mbali.

Tulianza kwa kuchapa mwongozo wa kujaza fomu, na haukusaidia. Tatizo halikuwa kutojua bali kukosa kompyuta, skana na mtu wa kukaa nao. Kilichofaa ni siku ya fomu: mtu mmoja mwenye kompyuta na skana anakaa shuleni kutwa nzima, mapema kiasi cha kubakiza miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho ili majina yarekebishike. Ndiyo hatua rahisi kuliko zote kwa gharama, na kama ningelazimishwa kubakiza kitu kimoja tu cha mradi huu, ningebakiza hiki.

Siku hiyohiyo tunauliza habari za msamaha wa ada, kwa sababu mara nyingi upo na una tarehe yake ya mwisho tofauti na ya usajili. UCAT, kwa mfano, ina utaratibu wa kuwaondolea ada watahiniwa wa kipato kidogo, lakini wa kuuomba ni wewe.

Kuhusu kituo cha mtihani, mwanafunzi akiambiwa achague mji, asaidiwe kuchagua ule ambao usafiri unaufikia siku moja kabla, hata kama kwenye ramani uko mbali zaidi. Kwa NEET mageti hufungwa saa 7:30 mchana na mtihani huanza saa 8:00. Anayetegemea chombo cha kwanza cha asubuhi kutoka mbali anacheza kamari na mwaka mzima wa maandalizi. Tumeingiza malazi ya usiku mmoja katika bajeti, na tumepunguza kurasa za rangi ili kulilipia hilo.

11 Mei: Lugha ya swali

NEET hutolewa kwa lugha 13, jambo ambalo linastahili sifa. Lakini kutafsiri mtihani kuna mitego yake. Mwaka 2018 toleo la Kitamil lilidaiwa kuwa na makosa katika maswali 49. Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru waliofanya kwa lugha hiyo wapewe alama 196, yaani 4 kwa kila swali, na Mahakama ya Juu baadaye ikaitengua amri hiyo. Hukumu yoyote unayoipenda kati ya hizo mbili, kuna mtu aliyeumia.

Kwetu kifurushi kilikuwa cha lugha mbili tangu mwanzo, maswali yakiwa upande kwa upande. Haikufaa: wanafunzi walisoma lugha waliyoizoea na kuiruka ya mtihani. Sasa karatasi za miezi ya kwanza zina maelezo kwa lugha ya nyumbani na maswali kwa lugha ya mtihani tu. Tumeongeza pia karatasi moja ya maneno ya maagizo: "isipokuwa", "ipi kati ya hizi si kweli", "kadiria". Maneno haya hayafundishwi katika somo lolote, na ndiyo yanayogeuza jibu sahihi kuwa kosa.

29 Juni: Barua kwa kamati ya udahili

Kifurushi kinaweza kuleta alama mbili na nusu. Zile mbili na nusu nyingine ni za maabara isiyokuwepo na mwalimu wa fizikia asiyekuwepo, na hizo karatasi haiwezi kuzileta. Kwa hiyo tumeandikia kamati ya udahili ya chuo kimoja.

Rasimu ya kwanza iliomba kiwango kishushwe kwa wanafunzi wa vijijini. Ilirudi haraka na maswali mawili: wa kijijini ni nani, na mtamzuiaje wa mjini asihamishe anwani? Maswali ya haki kabisa. Tukaenda kutazama waliokwisha kuyajibu.

Australia, inayovitaka vyuo vya udaktari vilivyo katika mpango wake wa mafunzo ya vijijini viwe na angalau robo ya wanafunzi wenye asili ya vijijini, hupima miaka ya kuishi: mitano mfululizo au kumi kwa jumla tangu kuanza shule ya msingi. Tamil Nadu mwaka 2020 ilipima shule badala ya anwani, ikatenga asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari kwa waliosoma shule za serikali kuanzia darasa la 6 hadi la 12, na bado lazima wafaulu NEET. Brazili, kwa sheria ya 2012, ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma sekondari yote ya juu katika shule za umma. Texas mwaka 1997 iliuweka mtihani kando, ikawahakikishia nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo wale wa asilimia 10 ya juu katika kila shule ya sekondari. Baadhi ya familia zilijibu kwa kuwahamishia watoto shule zenye ushindani mdogo. Japani ina mfano ninaoupenda zaidi: chuo cha udaktari cha Jichi, kilichoanzishwa 1972, huchukua wanafunzi wachache kutoka kila mkoa kati ya mikoa yote 47. Anayehitimu na kutumikia mkoa wake kwa muda unaofika takriban miaka tisa husamehewa mkopo wa masomo. Mtoto wa mkoa wa mbali anashindana na wa mkoa wake, na mkoa unampata daktari.

Rasimu ya pili inaomba vitu viwili. Nafasi zitengwe kwa historia ya shule ya miaka yote ya sekondari, kwa kuwa hiyo ni ngumu kuighushi kuliko anwani. Na watakaoingia kwa nafasi hizo wapewe masomo ya ziada muhula wa kwanza. Hili la pili wenzangu waliliona kama kujidhalilisha. Mimi naona kumwingiza mtu kisha kumwacha aanguke mwaka wa kwanza ni njia nyingine tu ya kumfungia mlango. Tumeambatanisha jedwali la Januari, na pia pendekezo la Shirika la Afya Duniani la 2010, lililorudiwa 2021, kwamba kudahili wanafunzi wenye asili ya vijijini huongeza uwezekano wa wahudumu wa afya kubaki kufanya kazi huko. Kamati zisizoguswa na haki huguswa na upungufu wa madaktari.

7 Septemba: Tulichonacho mkononi

Hatutangazi asilimia ya waliofaulu. Kundi ni dogo, na walijiunga wenyewe, kwa hiyo huenda ni wale ambao wangefika hata bila sisi. Mpango maarufu wa Super 30 wa Patna, India, wa kuwaandaa vijana maskini kwa mtihani wa vyuo vya uhandisi, ulioanza 2002, una ugumu huohuo kwa anayeutazama kutoka nje: vijana 30 walipatikana kwanza kwa mtihani wa kuwachagua, na ni vigumu kujua kipi kimefanywa na mafunzo na kipi na mchujo wa mwanzo.

Tunachoweza kukisema ni kile tulichokihesabu kwenye karatasi zenyewe. Mistari mitupu imepungua sana kati ya jaribio la kwanza na la mwisho. Kuteleza mstari kumekaribia kwisha. Waliopita siku ya fomu walipata kadi zao za mtihani. Fizikia ya kukokotoa haijasogea hata kidogo, na hapo nadhani kifurushi kimefika ukingo wake. Tunatafuta mwalimu wa kufika mara moja kwa wiki badala ya kuandika karatasi nyingine.

Gharama kwa mpangilio wa ukubwa: karatasi na wino, usafiri na malazi ya usiku wa mtihani, muda uliozama kwenye programu ya simu, kurekodi sauti, na mwisho kabisa siku ya fomu. Ukiwa na fungu dogo, isome orodha hiyo kutoka chini kwenda juu.

Barua ya chuo bado haijajibiwa. Faili za maswali ni maandishi matupu na zinanakilika bila masharti. Anayezichukua kwa mtihani mwingine abadilishe kwanza ukurasa wa kanuni ya alama. Ushauri wa kubahatisha ulioandikwa kwa mtihani mmoja unaweza kuwa hasara tupu katika mwingine.